Tairi Jipya Sharti Lipauke

Juzi nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Masasi, kijana mmoja wa bodaboda akapita kuniamkia. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu. Pikipiki yake ilikuwa na matairi mapya, meusi tii, yanang'aa utafikiri yamelambwa. Alikuwa ameyapulizia ile dawa ya kung'arisha inayouzwa kwa waosha magari, na wala hakuishia ubavuni, alipuliza mpaka pale tairi linapokanyaga barabara. Nikamwambia, "Shuka kwenye hicho kitu." Akacheka. Nikamwambia tena, "Shuka! Ndoo ile pale, sabuni hii hapa." Hakucheka tena, maana mimi nikikasirika sauti inafika sokoni. Akaosha huku ananung'unika kwamba nimemzeeshea pikipiki, abiria watamkimbia. Aliondoka hata hakuniaga vizuri.

Sawa, anune. Lakini tangu siku ile sijatulia, nikaona haya mambo niyaandike, kwa ajili yenu ninyi wa bodaboda na hasa ninyi mnaokimbia mashindano ya baiskeli, mnaonunua matairi membamba ya mbio na kuyafunga nyumbani wenyewe bila kumuuliza mtu. Kazi ya magurudumu nimeifanya tangu sijaota ndevu, nikaiacha mikono ilipoanza kutetemeka. Nilifunga spoku za baiskeli za wakulima, za walimu, za makatekista, za wauza samaki wakavu. Lakini kazi niliyoipenda ni matairi ya mashindano. Na iliyoniliza ni hiyo hiyo.

Mnadhani tairi likiwa jipya ndiyo linashika barabara vizuri. Nani kawadanganya? Mama akitaka kupika mkate wa kumimina, si anapaka sufuria mafuta kwanza ili mkate usigande? Basi na tairi linapikwa hivyo hivyo. Linapikwa ndani ya kalibu, na kalibu imepakwa kitu cha utelezi ili tairi litoke. Utelezi ule linakuja nao mpaka dukani, mpaka nyumbani kwako. Ule weusi wa kupendeza unaoufurahia ndio huo huo utelezi. Tairi jipya la mbio kabla halijaandaliwa ni hatari kuliko kuukuu lenye viraka, na ukibisha nenda kalale kona kwa kasi, utapata majibu yako chini.

Aliyenifundisha haya ni Fundi Maiko, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kanisa, mjukuu wa wale waliosomeshwa na misheni, akinyoosha rimu huku anaimba sauti ya nne peke yake, kana kwamba wenzake watatu wamechelewa kidogo. Hakuwahi kunitukana. Ila alikuwa na namna ya kukutazama, ukatamani bora angetukana yakaisha. Yeye hakulipima tairi kwa kidole. Kidole cha fundi kina sugu, hakisikii kitu. Alilipima kwa shavu. Alilisogeza tairi usoni kama mtu anayembusu mtoto, akalitelezesha taratibu, akasema, "Bado." Unarudi kuosha. Unaleta tena. "Bado." Siku aliyosema "Haya" nilitembea kwa maringo mpaka nyumbani.

Sikilizeni sasa namna yake. Tairi jipya likunjue, litundike kivulini lisahau mikunjo ya safari. Usilianike juani. Chemsha maji, tia sabuni ya unga, chukua brashi ya kufulia nguo, sugua pale linapokanyaga, mzunguko mzima, bila haraka. Suuza. Osha tena, safari hii kwa maji ya majivu yaliyochujwa, maana majivu yanakula mafuta kuliko sabuni. Suuza, acha likauke lenyewe. Likishakauka chukua msasa laini, upitishe kwa mkono mwepesi mpaka ule mng'ao uondoke. Nimesema mwepesi. Bwana mmoja wa Chiwata nilimwelekeza haya haya, akaona msasa ni gharama, akachukua mbuzi ya nazi ya mkewe. Alikuna tairi lile mpaka nyuzi zikachungulia, kisha akaniletea eti nimwambie kama limeiva. Fundi Maiko alilitazama, akaniuliza kwa upole, "Huyu alitaka mbio au alitaka tui?" Mkewe naye alikuja kesho yake kudai mbuzi mpya, akanidai mimi.

Kabla ya kulifunga, pakaza poda kidogo ndani ili tyubu isigande. Ukishalifunga, zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba ubavuni. Ukiwa mahali uko karibu na rimu na mahali uko mbali, tairi halijakaa, toa upepo uanze upya. Halafu ndiyo uendeshe, polepole, kwenye lami kavu, ukiilaza baiskeli kidogo kushoto, kidogo kulia, ili na pembeni kukwaruzike. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea. Wanaendesha wima, katikati panakwaruzika, pembeni panabaki na utelezi wake. Na pembeni ndiko utakakosimamia ukiingia kona.

Kazi ikiisha, tairi linakuwa limepauka. Rangi ya majivu majivu, halina mvuto, ukilipiga picha hakuna atakayelisifia. Hilo ndilo tairi lililo tayari.

Sasa niwaambie habari za Hashimu.

Hashimu alikuwa kijana wa Newala, kazi yake kuuza maji. Ninyi mliokulia mabondeni hamjui maji ni nini. Kule juu uwandani unaweza kuwa na nyumba ya bati, mikorosho shamba zima, na ndoo moja tu ya maji ndani. Hashimu alishuka bondeni na baiskeli, akafunga madumu, akaisukuma kupanda mlima ule, akauza, akashuka tena. Mguu wake ukiushika ulikuwa mgumu kama mchi. Siku moja alishuka mpaka Masasi kwangu kufungiwa nipeli za spoku, nikamwona anavyoondoka, nikamwambia jirani yangu kwamba yule mtoto akipewa baiskeli nyepesi hatashikika.

Mwaka ule yakatangazwa mashindano, kuanzia Newala kushuka mpaka Masasi. Atakayetangulia angechukuliwa timu ya mkoa, akae kambini, apewe baiskeli ya maana. Kwa wengine yalikuwa mambo ya kujionyesha. Kwa Hashimu ilikuwa kuacha madumu. Baba yake alikuwa ameshafariki, wamebaki yeye na mama yake, na mgongo wa Hashimu ulishaanza kumsumbua akiwa bado kijana. Aliniambia, "Fundi, nikishindwa hii nitasukuma maji mpaka nizeeke." Nikamwambia hatashindwa. Tukapata baiskeli ya kuazima, tukapata matairi mapya membamba, nikapanda Newala nikayatengenezea uani kwao.

Mama Hashimu alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, msafi kupita kiasi. Kwake mtoto hatoki mlangoni amepauka. Alikuwa na chupa yake ya mafuta ya nyonyo, mbegu anazitwanga na kuzichemsha mwenyewe, na hata watoto wa jirani wakipita kwenda shule wana miguu myeupe kwa vumbi aliwaita, akawashika, akawapaka wakipiga kelele. Hashimu alinichekesha akaniambia kwamba siku aliyotoka jandoni mama yake alimpaka mpaka nzi wakimtua wanateleza. Kwake yeye mwana asiyepakwa mafuta ni mwana asiye na mtu, na hakutaka Newala wamwone Hashimu kuwa hana mtu.

Nilipoanza kuosha alikuja kusimama, mikono kiunoni.

"Baba Zuhura, hayo maji unaoshea mpira?"

"Ndiyo, mama Hashimu."

"Maji ambayo mwanangu ameyapandisha mlima?"

"Ili ashuke salama huo mlima."

Kisha akaingia ndani, akatoka na ndoo nyingine, akaiweka karibu yangu bila neno. Mnaoijua Newala mtaelewa alinipa nini.

Nikaosha, nikasugua, nikapitisha msasa. Alipokuja tena matairi yalikuwa yametundikwa ukutani, yamepauka vizuri, hata shavu langu limeridhika. Akayatazama sana.

"Mbona umeyazeesha?"

"Ndivyo yanavyotakiwa," nikamjibu, nikaendelea kukusanya vyombo vyangu.

Ndivyo mafundi tulivyokuwa tunajibu. Fundi Maiko naye alinijibu hivyo hivyo miaka yote. Kazi unaiona kwa macho, maelezo hupewi, na mama wa nyumbani ndiyo kabisa, nani angekaa kumweleza mambo ya kalibu? Nikamfungia Hashimu magurudumu, akayazungusha mitaa ya pale kama nilivyomwelekeza, nikarudi zangu Masasi.

Siku ya mashindano nilikwenda kungoja chini ya mteremko, kona ya mwisho kabla ya tambarare, nina pampu na tyubu za akiba. Watu walikuwa wengi pembeni ya barabara. Tukasikia kelele zinashuka toka juu, kisha nikamwona. Alikuwa peke yake mbele. Hakuna aliyemkaribia. Moyo wangu ulipaa, nasema kweli, nilipiga kelele jina lake kama mtoto. Akaingia kona, akailaza baiskeli, gurudumu la nyuma likaondoka chini yake kama limekanyaga bamia. Baiskeli ilikwenda huku, yeye akaenda kule, kwenye mfereji wa mawe.

Nilifika wa kwanza. Goti lilikuwa limegeuka mahali pasipogeukia goti. Nikaivuta baiskeli itoke barabarani, nikalishika tairi, na vidole vyangu vikateleza. Nikavinusa. Nyonyo. Harufu ile haifanani na kitu kingine.

Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama, jasho linamtoka, midomo imekauka.

"Hashimu, nani?" nikamuuliza, na jibu ninalo.

"Mama. Nimeamka nimekuta ameshayapaka. Alikuwa amesimama mlangoni, fundi, anafurahi. Ananiambia, sasa nenda, umependeza."

"Na wewe ukapanda?"

"Ningemfutia mbele ya macho yake? Nilipokata kona ya mtaa wetu nilishuka nikayasugua kwa mchanga. Nikaona yametosha, barabara itamalizia."

Katikati kweli barabara ilikuwa imemalizia. Pembeni hapana, maana kona za juu ni pana, unazipita wima. Pembeni palikuwa hapajakanyaga chini tangu atoke nyumbani, mpaka pale alipoilaza kwenye kona ile.

Watu walikuwa wanatukaribia. Akanishika mkono kwa nguvu za mchota maji, mpaka ukauma. "Usimwambie mama. Fundi, nakuomba. Hata iweje, mama asijue."

Nikasema sitamwambia. Tukapata gari, tukampeleka hospitali ya Ndanda. Waliomtibu walifanya waliyoweza, mguu haukukatwa, lakini goti lile halikukunjika tena. Timu ya mkoa ikachukua mwingine. Na tangu siku ile kazi yetu mimi na Hashimu ikawa moja, mama yake asijue kwamba mkono uliomwangusha ni wake. Yule mama hakuwa na mtu mwingine duniani. Angelijua lile, angeishije? Nilikuwa namwona usiku na mchana akilini mwangu, na ile chupa yake.

Nikaichukua baiskeli mpaka uani kwangu. Nikachemsha maji, nikaosha yale matairi kuliko nilivyowahi kuosha tairi lolote. Sabuni, majivu, sabuni tena, mpaka harufu ikaisha. Kisha nikaipandisha baiskeli Newala kuirudisha.

Mama Hashimu alinipokea, akanipa kigoda, akakaa mkekani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Baba Zuhura, nini kilimwangusha mwanangu?"

"Mchanga, mama Hashimu. Kona ile ina mchanga mwingi."

"Mchanga."

"Ndiyo."

Akainuka, akaisogelea baiskeli, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Akakitazama kile kiganja. "Haya," akasema. "Mungu ndiye anayejua." Akaingia jikoni kunipikia chai. Mimi nikashusha pumzi, nikajua limepita.

Hashimu hakurudi kwenye madumu, asingeweza. Nilimfundisha kazi. Akafungua kibanda chake kule kule Newala, anakaa na mguu ameunyoosha mbele, vyombo vyote amevipanga upande wa kulia. Ni fundi mzuri, kwa rimu ananizidi, ingawa sijawahi kumwambia na leo ndiyo anasoma hapa. Tulipokutana hatukuzungumzia lile jambo. Mtu akimuuliza kuhusu mguu anajibu, "Mchanga," na kama nipo naitikia, "Mchanga." Tulilisema sana neno lile mpaka nusura tuliamini.

Miaka ikapita. Nikaacha kazi. Siku moja nikapata salamu kwamba mama Hashimu hawezi, na anataka kuniona. Nikapanda Newala. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo, lakini sauti ni ile ile ya kuita watoto wa jirani. Hashimu alinisalimia, akatoka kwenda kibandani kwa mteja. Mama yake akangoja mpaka hatua zake zikapotea.

"Baba Zuhura, ule mchanga wenu."

Nikajifanya sikusikia vizuri. Akatabasamu.

"Usihangaike. Nilijua siku ile ile uliyoleta baiskeli."

"Nani alikwambia?"

"Tairi lenyewe. Mtu ameanguka mchangani, mfereji wa mawe, damu imemwagika, baiskeli imepinda, na tairi linarudi safi kuliko vyombo vyangu? Halina hata vumbi. Halina mafuta yangu. Nikasema moyoni, huyu bwana ameyaosha. Sasa kwa nini ayaoshe? Nikakumbuka ndoo zile mbili." Akapumzika kidogo. "Mlikuwa mnaondoa mafuta, nami nikayarudisha."

Nikamuuliza, "Mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

"Mwanangu alikuwa ameshapoteza mbio, ameshapoteza mguu. Kimoja tu kilikuwa kimembakia cha kunipa, nisijue. Ningemnyang'anya na hicho?" Akaufuta uso kwa ncha ya kanga. "Usimwambie. Nikishazikwa, shauri lako."

Nikakaa pale kitandani kwake, nikalia mbele ya mwanamke, mtu mzima nina wajukuu. Yeye hakulia. Alinipigapiga mkono tu, kama ndiye aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

Amezikwa mwaka huu, kabla ya korosho kuanguka. Nilingoja siku za msiba zipite, wageni waondoke, nikapanda tena. Nilijiuliza njia nzima kama nina haki ya kusema. Nikamkuta Hashimu kibandani amefunga mapema, nikakaa kwenye benchi lake, nikamwambia yote, neno kwa neno, na nilipomaliza nilikuwa naogopa kumtazama.

Mkono wake ulikuwa juu ya lile goti.

"Kila jioni alikuwa ananikanda," akasema. "Tangu nitoke Ndanda mpaka alipoanguka kitandani, hajaacha hata jioni moja. Kwa maji ya moto. Nilikuwa namwambia, mama, tia mafuta kidogo, linakwaruza. Anasema maji yanatosha. Nikasema uzee umemtia uchoyo, hata nikamtania kwa watu."

Akavuta pumzi.

"Maji, fundi. Beseni zima, kila jioni. Maji yetu haya."

Akataka kuinuka, mguu haukumtii, akakaa tena. Akainamisha uso kwenye viganja vyake, akalia kwa sauti, nami nikasogea kwenye benchi nikakaa naye bega kwa bega mpaka akamaliza.